Mabaka kwenye ganda la tufaha lililotoka kwenye baridi: namna ya kuyasoma na la kufanya

Katoni ya matufaha ya kijani hutolewa stoo ya baridi Jumatatu ikiwa safi kabisa, na kufikia Alhamisi matunda yale yale yana mabaka ya kahawia mezani sokoni. Hapo wauzaji wengi wa Malindi huulaumu umeme, huilaumu friji, au humlaumu kijana aliyepakua mzigo. Mara nyingi wote hao hawana hatia. Baka lile liliandaliwa miezi mingi nyuma, katika stoo ya nchi nyingine, na baridi yetu ililizuia tu lisijitokeze. Ila yapo mabaka mengine ambayo kweli tunayatengeneza sisi wenyewe, na hayo hayana wa kulaumiwa ila sisi. Kuyatofautisha si kazi ngumu, na anayeweza kuyatofautisha hupoteza katoni chache zaidi. Nawaandikia wenye vibanda, wenye stoo ndogo, na wale wanaonunulia hoteli za Watamu na Lamu.

Kwanza, hesabu umri wa tunda

Mtufaha unahitaji majira ya baridi ili uchanue vizuri, kwa hiyo tufaha linalouzwa pwani limetoka mbali. Mengi hutoka Afrika Kusini, mabonde ya Ceres na Elgin katika Rasi ya Magharibi. Huko aina ya Gala huanza kuchumwa mwisho wa Januari na Februari, Golden Delicious Februari hadi Machi, Granny Smith, lile la kijani, Machi hadi Aprili, na Cripps Pink, ambalo wengi wanalijua kwa jina la kibiashara la Pink Lady, Aprili hadi Mei. Matufaha ya nchi za kaskazini, kama Ufaransa na Italia, huchumwa kati ya Agosti na Novemba.

Soma lebo ya katoni: aina ya tunda, nchi, tarehe. Tarehe hiyo aghalabu ni ya kufungashwa, si ya kuchumwa. Granny Smith la Afrika Kusini lililofungashwa Novemba lilichumwa Machi au Aprili, kwa hiyo limekaa kwenye baridi miezi saba hivi hata kama katoni inanukia upya.

Hesabu hii ina uzito zaidi wakati huu ambapo Ramadhani inaangukia miezi ya mwanzo wa mwaka. Ile ya 2026 ilianza katikati ya Februari. Mahitaji ya matunda ya futari hupanda Malindi na Lamu kwa pamoja, na kila mtu anataka kujaza stoo mapema. Lakini Granny Smith la kusini linalopatikana mwezi huo ni la mwaka uliopita, limekaribia miezi kumi au kumi na moja tangu litoke mtini. Gala jipya ndilo linaloanza kuingia. Mimi ningenunua Gala, au tunda la kaskazini lililochumwa Oktoba, na la kijani ningechukua kidogo tu kwa wateja wasiotaka jingine.

Pili, chukua kisu

Usiamue lolote kwa kutazama ganda peke yake. Chukua matunda matano kutoka katoni mbalimbali, uyapeleke kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya stoo. Menya ganda jembamba juu ya baka, kisha kata tunda katikati kupita kwenye baka hilo. Unatafuta majibu ya maswali matatu: kahawia imeishia kwenye ganda au imeingia kwenye nyama? Mpaka wa baka umekatika wazi au unafifia pole pole? Na limekaa upande gani wa tunda, wa kikonyo, wa kitako, uliokuwa mwekundu au uliobaki kijani?

Majibu hayo yanatosha kutambua karibu kila kitu kinachofuata.

Tatu, tambua baka

Baka ninalotaka ulijue kuliko yote ni lile la kuungua juu juu. Linaonekana kama kahawia hafifu iliyotambaa juu ya ganda bila mpaka maalumu, kwa kawaida upande ambao haukupata rangi nyekundu. Ukimenya, nyama chini yake ni nyeupe na tamu kama kawaida. Granny Smith na Red Delicious ndiyo huathirika zaidi. Gala huathirika kidogo sana.

Chanzo chake ni hiki. Tufaha likiwa kwenye baridi, ganda lake hutengeneza kemikali iitwayo alfa-farnesini, inayojikusanya kwenye nta ya ganda. Oksijeni ya hewa huigeuza taratibu kuwa kemikali nyingine zenye kuunguza seli zilizo chini ya ganda. Kwenye hewa ya kawaida huchukua takriban miezi mitatu ya baridi au zaidi kabla ya madhara kuonekana. Tunda lililochumwa kabla ya kukomaa hupata zaidi, na lililokua kwenye majira ya joto na ukame pia. Likiwa bado kwenye baridi linaweza kuonekana zima. Ukilitoa kwenye joto, seli zilizokwisha jeruhiwa hugeuka kahawia ndani ya siku tatu hadi saba.

Wenye mashamba na stoo kubwa wana njia za kulizuia. Wengine huhifadhi matunda kwenye vyumba ambavyo oksijeni imeshushwa hadi karibu asilimia 1. Wengine hutumia gesi ya 1-MCP, inayolizuia tunda lisiisikie ethilini, ile gesi ya kuivisha. Zamani walichovya matunda kwenye difenilamini, dawa ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha 2012. Lakini kazi hiyo yote hufanywa mwanzoni kabisa, mara tu baada ya kuchuma. Tunda likishafika kwetu hakuna cha kupaka wala cha kupulizia kitakachorudisha nyuma. Kupunguza themostati hakusaidii pia. Ukiambiwa kuna dawa ya kusafisha mabaka hayo hapa hapa mjini, weka pesa zako mfukoni.

Kuna baka linalofanana nalo, nalo ni la jua. Hili hukaa upande uliokuwa ukitazama jua shambani, wakati la kuungua juu juu hupenda upande wa kivuli. Granny Smith linaweza kutoka shambani likionekana safi na baka la jua likajitokeza baadaye kwenye baridi. Angalia lilikokaa na hutachanganya.

Vishimo vidogo vya kahawia iliyokoza, vya milimita chache, vilivyokusanyika upande wa kitako, ni jambo jingine kabisa. Kata kimoja: chini yake utakuta nyama iliyokauka, kavu kama kizibo, yenye uchungu. Hiyo ni dalili ya upungufu wa kalsiamu tangu tunda likiwa mtini, na huendelea kujitokeza wiki za mwanzo za kuhifadhiwa. Braeburn na Golden Delicious huwa nalo mara nyingi. Usimuuzie mtu kwa bei ya tunda zima. Akiling'ata atapata uchungu na hatarudi.

Ukanda wa kahawia wenye kingo zilizokatika wazi, unaozunguka tunda kama alama ya pasi ya moto, ni jeraha la baridi iliyozidi kwa aina zisizoistahimili, hasa Honeycrisp na Jonathan, na mara moja moja Golden Delicious. Baadaye kahawia huingia kwenye nyama. Honeycrisp huhifadhiwa kwenye nyuzi 3 hivi, si sifuri.

Baka lililobonyea, lenye ngozi ya mikunjo na kingo wazi, huweza kuwa limetokana na hewa ya ukaa iliyojaa kwenye stoo iliyofungwa sana. Fuji ni dhaifu hapo. Hapa kwetu hili hutokea mtu anapofunga matunda kwenye mifuko ya plastiki isiyo na matundu akidhani anayalinda. Tunda linapumua, toboa mfuko.

Sasa yale ambayo ni yetu.

Tufaha huanza kuganda kati ya nyuzi 1.5 na 2 chini ya sifuri. Lililoganda huwa na sehemu zinazoonekana kama zimelowa maji, ganda linapitisha mwanga, na likiyeyuka hugeuka kahawia na kulainika. Sababu kubwa niionayo ni friza ya samaki. Mtu ana friza yenye nafasi, anaweka katoni mbili "kwa usiku mmoja tu". Zaidi ya kuganda, nta ya ganda hubeba harufu, na hakuna mteja wa hoteli atakayekubali tufaha lenye harufu ya changu. Yakishaganda, usiyashike wala kuyahamisha yakiwa magumu, maana kila kidole kitaacha alama. Yaache yapande pole pole kwenye nyuzi 4 hivi, kisha uyachague.

Vinukta vya ganda vikigeuka vyeusi kwenye matunda mengi kwa mpigo, na upande mwekundu ukawa wa giza, toka nje ya chumba hicho kwanza. Huenda amonia inavuja. Baadhi ya mitambo ya barafu na vyumba vikubwa vya baridi hutumia amonia kupoza, na gesi hiyo ni hatari kwa mapafu na macho. Matunda yatasubiri, mwite fundi.

Mikunjo ni upotevu wa maji tu. Tufaha likipoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake huanza kujikunja, na Golden Delicious hutangulia wenzake. Katoni ya kilo 18 hufikia hapo ikipungua gramu 900. Chagua katoni moja, ipime kila wiki kwenye mizani ile ile, uandike. Hakuna kifaa cha bei ghali kitakachokueleza hali ya unyevu wa stoo yako vizuri kuliko katoni hiyo.

Na ganda lenye utelezi, ambalo wateja hudhani limepakwa mafuta? Tunda likiiva, nta yake yenyewe huongezeka na kulainika. Ni dalili ya uzee, si ya sumu. Liuze mapema.

Nne, jaribio la meza

Hili ndilo ningependa kila anayenunua zaidi ya katoni kumi alifanye. Mwombe muuzaji wa jumla, awe wa soko la Kongowea, Mombasa, au mwingine, akuuzie katoni moja ya mzigo anaotaka kukuuzia. Toa matunda kumi, matatu ya juu, manne ya katikati, matatu ya chini. Yapange kwenye trei, upande wa kijani ukitazama juu, uyaache kwenye chumba cha kawaida kisichopigwa na jua. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi. Yatazame kila asubuhi kwa siku saba.

Yakibaki safi hadi siku ya saba, mzigo huo unaweza kununuliwa. Mabaka yakitokea siku ya tatu, usinunue mzigo mkubwa kwa bei yoyote, isipokuwa kama una soko la kuuza ndani ya siku mbili na mnunuzi anajua anachonunua. Mawili matatu yakipata mabaka siku ya sita, nunua unachoweza kumaliza wiki hiyo.

Wauzaji wa jumla wengine hukataa kusubiri wiki. Sawa, nunua katoni tano badala ya hamsini, na jaribio lifanyike kwako huku ukiuza nyingine. Anayekuharakisha sana kuondoa Granny Smith la miezi tisa ana sababu yake.

Tano, tengeneza chumba

Aina nyingi za matufaha hutaka nyuzi 0 hadi 1, na unyevu wa hewa wa asilimia 90 hadi 95. Usiamini namba iliyo mlangoni. Inapima hewa karibu na mtambo, wakati katikati ya rundo la katoni kunaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Toboa tufaha moja hadi karibu na moyo, chomeka kipimajoto chenye ncha, liweke katikati ya rundo, soma asubuhi na jioni. Lingine liweke mbele kabisa ya feni. Ikiwa la mbele ya feni liko chini ya sifuri na la katikati liko nyuzi 5, tatizo lako ni mpangilio wa katoni, si mashine.

Acha nafasi ya kiganja kati ya katoni na ukuta, na nafasi kubwa zaidi chini ya mtambo wa kupozea. Inua katoni kutoka sakafuni kwa paleti. Zielekeze ili matundu yake yapokee upepo wa feni.

Mtambo wa kupozea hunyonya unyevu hewani, ndiyo maana maji hudondoka kutoka kwake siku nzima. Mwagia sakafu maji safi, au weka beseni pana za maji mbele ya upepo. Magunia yaliyoloweshwa siyapendi. Siku chache tu yanaota ukungu. Kwa katoni chache, karatasi ya plastiki yenye matundu ndani ya katoni inatosha.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kutofungua mlango. Rundo lililopoa sawasawa hubeba baridi yake saa nyingi. Wanaoharibu ni wale wanaoingia kila nusu saa kuangalia kama matunda yangali baridi.

Sita, maembe yasikae humo

Msimu wa maembe wa pwani hukutana na wakati huo huo tunaojaza matufaha, na chumba ni kimoja. Kishawishi ni kikubwa. Lakini embe bichi lililokomaa huumia chini ya nyuzi 13 hivi, na lililoiva hustahimili hadi karibu nyuzi 10. Ngowe au boribo likikaa siku kadhaa kwenye nyuzi 1, ganda hupata kijivu na vishimo, na likitolewa haliivi sawasawa: upande mmoja mlaini, mwingine mgumu, na utamu umepotea. Ndizi nazo hugeuka kijivu chini ya nyuzi 13.

Kuna na upande wa pili. Tufaha hutoa ethilini kwa wingi. Karoti zikikaa nalo huwa chungu, kabichi hugeuka njano, maembe huiva kabla ya siku yake. Kama una chumba kimoja tu, kitengee matufaha wakati yana bei, na maembe yakae kivulini penye upepo, yauzwe haraka. Chumba cha nyuzi 7 "cha katikati" hakimfai yeyote: embe linaumia na tufaha linazeeka.

Saba, kutoa na kusafirisha

Hewa ya pwani yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 huangusha umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 hivi. Tufaha la nyuzi 1 likifunguliwa nje hulowa papo hapo. Maji hayo hulainisha katoni na kuwapa kuvu wa majeraha nafasi. Kwa hiyo toa kiasi cha siku moja tu, acha katoni imefungwa kwa saa kadhaa ndani ya chumba chenye kivuli hadi ipate joto, ndipo ufungue. Lililolowa lifutwe kwa kitambaa kikavu, lisirudishwe kwenye baridi. Kuingiza na kutoa mara kwa mara ndiko kunakomaliza matunda.

Mzigo wa Lamu una adha zaidi. Kutoka Malindi hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu ni mwendo mrefu juani, kisha boti, kisha kichwani mwa hamali au mgongoni mwa punda hadi dukani. Pakia alfajiri. Funika kwa turubai nyeupe, uache upenyo wa hewa kati ya turubai na katoni. Kwenye boti zipange juu ya mbao, mbali na maji ya bahari yanayoruka, kwa sababu katoni ya chini ikilowa huporomoka na kubonyeza matunda yote. Mwambie nahodha na mahamali kabla ya kupakia kwamba hizi hazirushwi. Kumwambia mtu "Taratibu, kaka, ni matunda" baada ya katoni kutua chini hakusaidii. Alama ya kubonyea haionekani Mokowe. Itaonekana kesho yake.

Nane, yenye mabaka yaende wapi

Lenye baka la kuungua juu juu halina ubaya wowote ndani. Limenye, lifanye juisi, saladi, kachumbari ya matunda, au liuze kwa bei ya chini huku ukisema wazi. Mteja akiuliza, "Mwanangu, hili si bovu?" mkatie moja mbele yake. Wanawake wanaotengeneza juisi za futari huyanunua kwa furaha wakishaona nyama yake.

Lenye ukungu wa buluu au kijani, sehemu laini yenye maji na harufu ya udongo, ni habari nyingine. Kuvu huyo huingia kupitia majeraha na huweza kutengeneza sumu iitwayo patulini, inayoweza kuenea kwenye nyama kupita sehemu unayoiona imeoza. Shirika la kimataifa la viwango vya chakula, Codex, limeweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa kila kilo ya juisi ya tufaha. Usikate sehemu mbovu ukasaga iliyobaki. Litupe zima, tupa trei ya karatasi lililolalia, na futa matunda jirani.

Ukitaka kumdai muuzaji wa jumla, fanya hivyo siku mabaka yanapotokea. Piga picha ya lebo ya katoni ikisomeka, picha ya matunda kumi kwenye mwanga wa jua, na picha ya tunda lililokatwa likionyesha nyama nyeupe chini ya ganda la kahawia. Ambatisha na usomaji wako wa kipimajoto wa wiki hiyo. Nyama nyeupe na kipimajoto kilichotulia kwenye nyuzi 1 humaliza ubishi wa kwamba friji yako ndiyo iliyoharibu.